Habari za mawimbi ya graviti zieleze pia jinsi vioo vinavyoshikiliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, huachwa nje karibu kila mara habari za mawimbi ya graviti zinapoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. Tangu tarehe 11 Februari 2016, siku ulimwengu ulipotangaziwa kwamba wimbi la kwanza lilikuwa limenaswa tarehe 14 Septemba 2015, habari hizi zimekuwa zikifuata mkondo uleule: mashimo meusi mawili yalizungukana, yakaungana, yakatikisa anga lenyewe, na chombo kilichoko duniani kikahisi mtikisiko huo. Kuhusu chombo, msomaji huambiwa sentensi mbili au tatu, kwamba kuna leza, kuna mabomba marefu yaliyoondolewa hewa, na kuna vioo vilivyotundikwa vikatulia tuli. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika. Vioo hivyo havitulii vyenyewe hata kwa sekunde moja. Hushikiliwa usiku na mchana na mifumo ya udhibiti inayopima mwendo wao na kuvisukuma bila kukoma, na mtu asiyeelezwa jinsi vinavyoshikiliwa hajaelezwa chombo kinavyofanya kazi.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unastahili kuelezwa kwanza. Vigunduzi viwili vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana, kila kimoja kina mikono miwili ya kilomita 4 inayokutana kwa pembe mraba. Virgo, karibu na Pisa nchini Italia, na KAGRA, iliyojengwa chini ya ardhi huko Kamioka nchini Japani, vina mikono ya kilomita 3. Wimbi la mwaka 2015 lilipopita, badiliko la urefu lililoletwa katika mikono ya kilomita 4 lilikuwa dogo kiasi kwamba ili kulipata inabidi urefu huo ugawanywe kwa bilioni moja, kisha jibu ligawanywe tena kwa trilioni moja. Kinachobaki ni mara mia kadhaa chini ya kipenyo cha protoni. Wakati huohuo, ardhi iliyobeba chombo hupanda na kushuka kwa kiasi cha mikromita moja hivi (sehemu moja ya milioni ya mita) kwa sababu ya mawimbi ya bahari yanayopiga sakafu ya bahari mbali na hapo, mwendo ambao ni zaidi ya mara bilioni 200 ya kile kinachotafutwa. Kinachowapa wanasayansi matumaini ni kwamba mwendo huo wa ardhi ni wa polepole, ukijirudia mara moja kila sekunde kadhaa, ilhali wimbi la graviti linalotafutwa hutikisika mara makumi au mamia kwa sekunde.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayotumiwa na mitambo ya kutundikia vioo. Kioo kimoja cha LIGO kina uzito wa kilo 40, kipenyo cha sentimita 34 na unene wa sentimita 20, nacho kimetengenezwa kwa silika safi, malighafi ya glasi. Kinaning'inia mwishoni mwa pendulamu yenye ngazi nne, na ngazi ya mwisho ni nyuzi nne za silika ileile zenye unene wa milimita 0.4 tu. Pendulamu ikitikiswa juu kwa haraka kuliko mwendo wake wa asili, chini husogea kidogo sana; na kila ngazi inayoongezwa hupunguza tena kile kilichopita katika ngazi iliyotangulia. Juu ya pendulamu hizo kuna majukwaa yenye vihisio vinavyopima mwendo wa ardhi na mitambo inayosukuma upande wa pili ili kuufuta. Virgo ilichagua njia nyingine, ya mnyororo mrefu wa pendulamu unaopanda kama mita 8 ndani ya mnara, wazo lililopiganiwa na Adalberto Giazotto wa Italia, ambaye tangu mwanzo alisisitiza kwamba vigunduzi lazima vijifunze kusikia masafa ya chini, yaani mitikisiko ya polepole. Nitarudi kwenye masafa ya chini, kwa sababu huko ndiko udhibiti wa vioo unakokuwa suala zito.

Maelezo mengi huishia kwenye pendulamu, na msomaji hubaki akiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini pendulamu haikati mitikisiko yote. Ardhi ikisogea polepole kuliko mwendo wa asili wa pendulamu, kioo huifuata. Na ikisogea kwa kasi iliyo sawa na mwendo huo, kioo hutikisika zaidi ya ardhi yenyewe. Zaidi ya hapo, mwezi na jua huivuta dunia ngumu kama vinavyovuta bahari, na mikono ya kilomita 4 hurefuka na kufupika kila siku kwa kadiri ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Kioo kilichotundikwa kwa ustadi wote huo, kikiachwa peke yake, bado kinazurura kwa kiasi cha mikromita moja, ambacho ni karibu sawa na urefu wa wimbi la leza inayotumika, yaani nanomita (sehemu za bilioni za mita) 1,064.

Kuzurura huko kungevumilika kama chombo kingekuwa rula ya kawaida, lakini sivyo kilivyo. Katika kila mkono kuna vioo viwili vinavyotazamana, na mwanga hurudi na kwenda kati yao mara mia kadhaa kabla ya kutoka, hivyo nguvu yake ikajilimbikiza mpaka kufikia mamia ya kilowati. Mlimbikizo huo hutokea tu ikiwa umbali kati ya vioo unalingana na idadi kamili ya nusu-mawimbi ya leza, na dirisha la kulingana huko lina upana wa nanomita moja hivi. Kioo kikitoka nje ya dirisha hilo, mwanga hauingii tena mkononi, na chombo hakioni kitu. Tena si umbali mmoja. Kuna kioo kinachorudisha ndani mwanga unaotaka kuondoka kuelekea kwenye leza, kuna kingine kinachochuja ishara inapotoka, na kwa jumla kuna urefu wa aina tano unaopaswa kushikwa kwa pamoja, huku kila mmoja ukiathiri mwingine. Mmoja ukiponyoka, yote huponyoka.

Ili kioo kishikwe mahali pake, lazima kwanza ijulikane kimeenda upande gani. Mwanga ukipungua mkononi, kupungua peke yake hakusemi kama kioo kimesogea mbele au nyuma. Mbinu iliyotatua jambo hili ilielezwa mwaka 1983 na Ronald Drever, John Hall na wenzao, wakijenga juu ya wazo la Robert Pound. Leza hutikiswa kwa makusudi ili ibebe mawimbi madogo ya pembeni ambayo hayalingani na urefu wa mkono. Hayo hugonga kioo cha kuingilia na kurudi bila kuingia, na kwa kulinganishwa na mwanga unaovuja kutoka ndani ya mkono huonyesha umbali uliopotea pamoja na mwelekeo wake. Drever alifariki Machi 2017, na mwezi Oktoba mwaka huohuo tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne. Siwapunguzii heshima hao watatu, ambao waliistahili kabisa. Nasema tu kwamba jina la Drever lingestahili kutajwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa bila mbinu hiyo vioo vya vigunduzi vyote vinavyofanya kazi leo visingeshikika.

Kuvinasa vioo kwa mara ya kwanza ni kazi ya pekee. Kioo kinachoyumba hupita katika dirisha la nanomita moja kwa muda mfupi mno, na katika LIGO ya awali kompyuta ililazimika kukidaka katika muda huo. Siku hizi kuna leza za kijani, zenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, zilizowekwa mwishoni mwa mikono. Vioo haviurudishi mwanga wa kijani kwa ukamilifu uleule, na kwa hiyo dirisha lake ni pana na rahisi kulipata. Mikono hushikwa kwanza kwa mwanga wa kijani, kisha inakabidhiwa polepole kwa leza kuu. Zoezi zima, likienda vizuri, huchukua makumi ya dakika. Tetemeko kubwa lililotokea upande mwingine wa dunia linaweza kuvitoa vioo katika nafasi zao, na baada yake watu wanaoendesha chombo husubiri ardhi itulie kabla ya kuanza upya.

Mahali pa kusukumia nako kumefikiriwa kwa makini. Katika LIGO ya awali sumaku ndogo zilibandikwa kwenye vioo vyenyewe na kusukumwa na koili za umeme. Sumaku zikigusa kioo huleta kelele zake, na ndiyo maana katika LIGO ya sasa nguvu kubwa na za polepole hutolewa kwenye ngazi za juu za pendulamu, ambako kelele ya koili itachujwa na ngazi zilizobaki kabla ya kufika chini. Kioo chenyewe huvutwa kwa umeme tuli tu, kutoka kwenye bamba lenye michirizi ya dhahabu linaloning'inia nyuma yake kwa pendulamu yake lenyewe, lisije likapitisha mtikisiko wa ardhi. Nguvu hiyo ni ndogo sana, lakini inatosha, kwa sababu kazi nzito imeshafanywa juu.

Sasa nafika kwenye swali ambalo msomaji makini ana haki ya kuliuliza, na ambalo nadra hujibiwa. Ikiwa vioo vinashikiliwa visisogee, na ikiwa wimbi la graviti hujulikana kwa kubadilisha umbali kati ya vioo, je, mfumo wa udhibiti haulifuti wimbi lilelile linalotafutwa? Swali hili si la kitoto. Jibu ni kwamba ndiyo, mfumo hulifuta kwa sehemu, na hilo halina madhara, kwa sababu nguvu iliyotumika kulifuta imeandikwa. Mpima nafaka mwenye mizani ya sahani mbili haangalii sahani imeshuka kiasi gani. Huongeza mawe upande wa pili mpaka sahani zikae sawa, kisha huhesabu mawe. Vivyo hivyo, katika masafa ya chini, chini ya makumi machache ya hezi (mitikisiko kwa sekunde), udhibiti una nguvu kiasi kwamba vioo karibu havisogei, na wimbi husomwa katika nguvu iliyotolewa kuvizuia. Katika masafa ya juu zaidi udhibiti umelegezwa kwa makusudi, vioo viko huru kana kwamba havikushikwa, na wimbi husomwa katika mwanga unaotoka. Sehemu hizi mbili huunganishwa kwa hesabu ili kupata mwendo ambao vioo vingekuwa nao kama visingeguswa. Wimbi la kwanza la mwaka 2015 lilionekana likipanda kutoka hezi 35 hadi 250 katika muda wa sehemu mbili za kumi za sekunde; kwa hiyo mwanzo wake ulikuwa katika eneo ambalo udhibiti una kauli kubwa, na mwisho wake katika eneo ambalo vioo vinakwenda vyenyewe.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuelewa ugunduzi wenyewe. Ishara inayochapishwa magazetini kama mstari unaopanda na kushuka haikusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kihisio kimoja. Imejengwa upya kutokana na ujuzi wa kina wa kila nguvu iliyotumika: kipimo fulani cha umeme kikitumwa kwenye bamba la nyuma, kioo cha kilo 40 kitasogea kiasi gani, na baada ya kuchelewa kwa muda gani. Ujuzi huo ukikosewa kwa asilimia 5, umbali wa mashimo meusi nao hukosewa kwa kadiri hiyohiyo, kwa kuwa umbali hupatikana kutokana na ukubwa wa wimbi. Ndiyo sababu kuna leza nyingine ndogo, yenye nguvu inayojulikana kwa usahihi mkubwa, ambayo kazi yake ni kukisukuma kioo kwa msukumo wa mwanga peke yake. Mwanga unapogonga kioo na kurudi hukipa msukumo unaoweza kukokotolewa kutokana na nguvu ya leza na kasi ya mwanga, na kwa njia hiyo chombo chote hupimwa kwa kitu kinachojulikana. Mimi naliona jambo hili kuwa zuri kuliko picha za rangi za mashimo meusi tunazozoea kuchapishiwa, ingawa nakiri kwamba ni gumu zaidi kulichora.

Kuna mifano miwili katika historia fupi ya vigunduzi hivi inayoonyesha jinsi udhibiti wa vioo ulivyo karibu na ugunduzi. Wa kwanza ni wa Septemba 2010. Kikundi kidogo cha wanasayansi waliopewa jukumu hilo kilivisogeza vioo kwa siri, kwa kupitia mfumo uleule wa udhibiti, ili kuiga wimbi ambalo lingetoka kwenye nyota au mashimo meusi yanayoungana. Wenzao waliichambua ishara hiyo kwa miezi kadhaa na kuiandikia ripoti kamili, kisha Machi 2011 wakaambiwa kwamba ilikuwa jaribio la kuwapima wao. Kwa sababu ya historia hiyo, ishara halisi ilipofika tarehe 14 Septemba 2015, moja ya maswali ya kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyevisukuma vioo. Ilibidi kumbukumbu za amri zilizotumwa kwenye vioo zikaguliwe mpaka ithibitike kwamba hakuna aliyefanya hivyo. Chombo chenye uwezo wa kushika vioo kina uwezo pia wa kughushi wimbi, na uaminifu wa ugunduzi unategemea kumbukumbu ya kila msukumo.

Mfano wa pili ni wa tarehe 17 Agosti 2017, siku nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki madogo na mazito mno ya nyota zilizokufa, zilipoungana umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, tukio lililoonekana pia kwa darubini na kuandikwa sana. Kisichoandikwa sana ni kwamba sekunde 1.1 kabla ya nyota hizo kuungana, kigunduzi cha Livingston kilipatwa na mshtuko wa kelele uliofanya amri inayodhibiti nafasi za vioo ifike ukomo wa kifaa kinachoigeuza kutoka tarakimu kuwa umeme. Kwa muda usiofika hata sehemu 5 za elfu za sekunde, mfumo ulitaka kusukuma zaidi ya ulivyoweza. Mpango wa kompyuta unaotafuta mawimbi moja kwa moja uliikataa data ya Livingston kwa sababu hiyo, na tukio hilo kubwa likatambuliwa kwanza katika kigunduzi cha Hanford peke yake, mpaka watu walipotazama na kuona kwamba wimbi lilikuwa wazi kabisa katika Livingston pia, likipita chini ya mshtuko ule. Kelele hiyo ilitolewa kwa hesabu, na mahali pa nyota angani pakapatikana kwa usahihi ulioziongoza darubini. Nani angesema kwamba udhibiti wa vioo ni suala la mafundi tu?

Mpaka hapa nimezungumzia urefu peke yake, lakini kila kioo pia kina pembe, juu na chini, kushoto na kulia, na kwa maoni yangu pembe ndizo zilizo na ugumu mkubwa zaidi. Mwanga uliolimbikizwa mikononi, ambao katika LIGO umeshapita kilowati 300, hukisukuma kioo kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 0.2 hivi. Nguvu hiyo ikigonga katikati, hukirudisha kioo nyuma kidogo na basi. Ikigonga pembeni, hukipinda, yaani hubadilisha pembe yake; kioo kikipinda, mwanga hupelekwa pembeni ya kioo cha pili kilichoko kilomita 4 mbele, nacho kikapinda. Mwaka 2006 John Sidles na Daniel Sigg walionyesha kwamba vioo viwili vinavyotazamana huweza kupinda kwa pamoja kwa namna mbili, moja ambayo mwanga huiongezea ugumu na nyingine ambayo mwanga huilegeza, na kwamba mwanga ukizidi kiasi fulani, namna hiyo ya pili huacha kurudi mahali pake yenyewe. Kila anayetaka kuongeza mwanga ili asikie mbali zaidi hukutana na sheria hii.

Kwa hiyo pembe nazo zinadhibitiwa, na hapo kelele huingia. Kihisio kinachopima pembe kina kelele yake ndogo. Udhibiti hauwezi kutofautisha kelele hiyo na mwendo wa kweli. Hivyo hukipinda kioo kwa kufuata kitu ambacho hakikutokea. Ikiwa mwanga unagonga milimita 1 tu kutoka kwenye kitovu cha mzunguko, kupinda kwa sehemu moja ya milioni ya bilioni ya radiani, kipimo cha pembe, kunatosha kubadilisha urefu wa mkono kwa robo ya badiliko lililoletwa na wimbi la mwaka 2015. Udhibiti ukilegezwa, kelele hupungua lakini vioo hukaribia kuponyoka. Ukikazwa, vioo hutulia lakini masafa ya chini hufunikwa na kelele. Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kichujio kinachokata kelele ghafla juu ya hezi chache. Kwa bahati mbaya, kichujio kinachokata ghafla huichelewesha ishara, na udhibiti unaochelewa hukisukuma kioo wakati kimeshageuka kuelekea upande mwingine, ukakiongezea mwendo badala ya kukipunguzia. Wataalamu wametumia miaka mingi wakitafuta umbo la kichujio linalovumilika kati ya hatari hizi mbili.

Mwaka 2025 watafiti wa LIGO, pamoja na kampuni ya Google DeepMind na taasisi ya Gran Sasso ya Italia, walichapisha matokeo ya kutumia akili mnemba kutengeneza udhibiti wa pembe ya vioo. Programu ilifundishwa katika mfano wa kompyuta, ikatuzwa kila iliposhika kioo bila kuleta kelele katika masafa yanayohitajika, kisha ikajaribiwa kwenye kigunduzi halisi cha Livingston. Kelele ya udhibiti huo ilipungua kwa mara 30 hadi 100. Nafurahia matokeo hayo kwa dhati, lakini naomba yaandikwe kama yalivyo. Programu hiyo haikutafuta mashimo meusi angani, ilishika kioo. Wala kupungua kwa kelele ya udhibiti mmoja kwa mara 100 si sawa na chombo kizima kuwa na usikivu mara 100, kwa sababu zipo kelele nyingine nyingi zinazobaki katika masafa hayohayo.

Faida ya kusafisha masafa ya chini ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mashimo meusi kadiri yanavyokuwa mazito ndivyo yanavyoungana katika masafa ya chini zaidi. Tukio la tarehe 21 Mei 2019, lililoacha shimo lenye uzito wa jua kama 142, lilisikika kwa sehemu moja hivi ya kumi ya sekunde tu, na lile la tarehe 23 Novemba 2023, lililotangazwa mwaka 2025, liliacha shimo la uzito wa jua kama 225. Yote mawili yalikaribia ukingo wa chini wa kile kinachosikika, na sehemu kubwa ya safari yao ya kuzungukana ilipotea katika kelele. Kwa nyota za nyutroni faida ni ya muda. Nyota mbili za kawaida za aina hiyo, zikianza kusikika katika hezi 30, huungana katika muda usiofika dakika 1. Zikianza kusikika katika hezi 10, bado zina kama dakika 17. Mwaka 2017 mwanga wa tukio la Agosti ulipatikana na darubini karibu saa 11 baada ya nyota kuungana. Kigunduzi kinachoweza kuonya dakika kadhaa kabla kingewawezesha wataalamu kuzielekeza darubini zao mahali hapo mapema, na kinachozuia onyo hilo leo, kwa sehemu isiyo ndogo, ni kelele ya kushika vioo vyetu wenyewe.

Nataja pia, kwa kuwa ni jambo linalostaajabisha, kwamba mwaka 2021 wanasayansi wa LIGO walitumia udhibiti huu kupunguza mwendo wa pamoja wa vioo vinne, unaolingana na mwendo wa kitu cha kilo 10, mpaka ukafikia nanokelvini 77, yaani sehemu 77 za bilioni za nyuzi moja juu ya sifuri halisi ya joto. Vioo vyenyewe vilibaki na joto la chumba; kilichopoa ni mwendo wao wa kuyumba, ambao ulisogezwa karibu na kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na fizikia ya kwanta. Katika mradi wa LISA wa kunasa mawimbi ya graviti, utakaokuwa na vyombo vitatu angani vilivyotengana kwa kilomita milioni 2.5, mpango umegeuzwa: katika mwelekeo wa kipimo vipande vya metali ndani ya vyombo vitaachwa vielee huru kweli, na chombo cha angani ndicho kitakachodhibitiwa ili kivifuate bila kuvigusa. Namna hiyo ya kuelea ilishajaribiwa na chombo cha LISA Pathfinder kilichorushwa Desemba 2015.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Habari ya ugunduzi mpya inapofika mezani kwako, mwandishi aulize na atuandikie mambo ambayo taarifa za kisayansi huyaeleza waziwazi: ni vigunduzi gani vilikuwa vimeshika vioo vyao wakati huo, ishara ilianza kuonekana katika masafa gani, na kipimo cha nguvu zilizovisukuma vioo kina uhakika wa kiasi gani. Aache kabisa kuandika kwamba vioo vimetulia tuli. Na kama kutakuwa na nafasi ya makala moja ndefu kuhusu jambo hili, napendekeza ijengwe juu ya sekunde ile moja ya tarehe 17 Agosti 2017 katika kigunduzi cha Livingston, kwa sababu data yake iko wazi kwa umma na mwandishi yeyote anaweza kuiona mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa kurasa za sayansi